Nani Anapandisha Loye ya Goma?



Kuna neno moja linarudi kila mara tukiongea habari ya nyumba Goma: "Ni juu ya batu balikuya mingi." Watu wamekuja wengi, njo maana loye imepanda. Komisionere anasema hivyo, mwenye nyumba anasema hivyo, na hata mpangaji anayehamishwa anasema hivyo huku anafunga godoro yake juu ya chukudu. Leo nataka tuliangalie neno hilo kwa utulivu. Ndani yake iko ukweli, na iko pia uongo, na ule uongo unaangukia watu wasioustahili.

Niseme mapema ninachofikiri, ili mtu asisome paka mwisho akikitafuta. Hesabu ya vichwa peke yake haipandishi loye. Kinachoipandisha ni mfuko ambao mgeni anakuja nao, pamoja na uwezo wa mji wa kujenga haraka. Watu elfu mia moja wanaokuja na sufuria na mkeka wanaweza kugusa bei ya villa za Himbi kidogo kuliko watu elfu moja wanaokuja na mshahara wa dola na gari yenye antena. Goma imepokea aina zote mbili, mara nyingi kwa wakati mmoja, kwa miaka thelathini sasa.

Tuanze na hesabu ndogo. Tuseme avenue moja iko na nyumba kumi za kupangisha na jamaa kumi zinakaa ndani. Zinakuja jamaa mbili zaidi. Kama ingekuwa ni maharagi yamekosa sokoni Virunga, wiki kesho lori ingetoka Rutshuru na bei ingetulia. Nyumba haitoki Rutshuru kwa lori. Inaomba parseli, mawe, simenti, mbao, mabati, fundi, na miezi. Katika ile miezi, jamaa kumi na mbili zinagombania milango kumi, na mwenye nyumba anajua. Anayeweza kuongeza dola kumi anabaki. Asiyeweza anafanya moja ya mambo mawili: anaingia kwa ndugu yake wakae jamaa mbili ndani ya nyumba moja, ao anasogea pembeni ya mji, mbali na kazi na masomo ya watoto. Halafu, kama mji unaweza kujenga, wenye parseli wanaona kwamba kupangisha kunalipa, wanasimamisha vyumba nyuma ya uwanja, na bei inapoa. Kama mji hauwezi kujenga, bei inabaki juu hata baada ya wageni kurudi kwao.

Hiyo ni nadharia. Mji mmoja ambao wataalamu waliupima vizuri ni Miami, kule Marekani. Mwaka 1980, kati ya mwezi wa nne na wa kumi, serikali ya Kuba iliacha watu watoke kwa bandari ya Mariel, na watu karibu 125,000 wakavuka bahari kwa mashua. Wengi wao walibaki Miami. Hakuna aliyepanga jambo hilo kwa ajili ya soko la nyumba, na njo maana linafundisha sana: ni kama mtu amemwaga maji ghafla ndani ya beseni ili aone yanaenda upande gani. Mchumi Albert Saiz alilinganisha Miami na miji mingine ya Marekani, akakuta kwamba kati ya 1979 na 1981 loye ya Miami ilipanda kwa 8 paka 11 kwa mia zaidi ya ile ya miji mingine. Lakini haikupanda sawasawa. Ilipanda katika nyumba za bei ya chini, ndani ya kartie ambako wenye asili ya Amerika ya Kilatini walikuwa tayari wanakaa. Mkubwa mwenye villa pembeni ya maji hakusikia kitu. Fundi wa nguo aliyekuwa anapanga chumba kimoja, yeye alisikia.

Miaka baadaye Saiz huyohuyo aliangalia miji mingi ya Marekani kwa pamoja, na jibu lake linatajwa sana: wahamiaji wakiongezeka kwa hesabu sawa na moja kwa mia ya wakaaji wa mji, loye na bei ya nyumba zinapanda kwa karibu moja kwa mia vilevile. Mtu angeweza kufunga kitabu hapo. Lakini kule Uingereza, Filipa Sá alikuta kinyume: mahali ambapo wahamiaji waliongezeka kwa moja kwa mia ya wakaaji, bei ya nyumba ilishuka kwa 1.7 kwa mia. Kwa sababu gani? Wenyeji wenye pesa walihama sehemu zile, wakaenda kununua kwingine, na mifuko yao ikaondoka nao. Watu walibadilishana nafasi, na uwezo wa kulipa ukapungua.

Mfano unaofanana zaidi na wetu uko Kolombia, ambako vita ya ndani ilisukuma mamilioni ya wakulima kuingia mijini. Waliopima loye katika miji iliyowapokea walikuta kwamba ya nyumba za watu wadogo ilipanda, na ya nyumba za wakubwa ikashuka. Shikeni jambo hilo. Mji mmoja, mwaka mmoja, wakimbizi walewale, na bei zinaenda njia mbili tofauti.

Kwa hiyo mtu akisema "loye imepanda juu ya wageni", swali la kwanza ni: loye ya nyumba gani, na wageni gani?

Sasa turudi kwetu. Mwezi wa saba 1994, ndani ya siku chache, watu karibu milioni moja walivuka kutoka Rwanda na kuingia Goma na pembeni yake, katika mji uliokuwa na wakaaji wachache kuliko hesabu hiyo. Walilala njiani, juu ya mawe ya volkano, mbele ya milango ya watu. Kolera iliwaua kwa makumi ya maelfu. Halafu wakapelekwa kwa makambi: Kibumba, Kahindo na Katale upande wa kaskazini, Mugunga upande wa magharibi. Ukiangalia kwa macho ya soko la nyumba, ile milioni ya watu karibu haikuingia sokoni. Hema ya HCR haina mwenye nyumba. Walioingia sokoni ni wengine: wafanyakazi wa mashirika, wachunguzi, waandishi wa habari, na baadhi ya wakubwa waliovuka na pesa. Hawa njo walitafuta nyumba yenye ukuta, lango ya chuma, tanki ya maji na nafasi ya kuegesha gari.

Makambi yalivunjwa mwaka 1996, lakini mashirika hayakuondoka yote, na mengine yakaja juu yao. Mwishoni mwa 1999 Umoja wa Mataifa uliunda MONUC, iliyokuwa MONUSCO mwaka 2010, na Goma ikawa mojawapo ya vituo vyake vikubwa. Katikati ya hapo, mwaka 2000, bei ya koltani ilipanda sana ulimwenguni, na wafanyabiashara wa madini wakaweka faida yao mahali panapoonekana: mawe na simenti. Wenye wanajua Himbi ya zamani wanakumbuka jinsi maghorofa yalivyoota pale pembeni ya ziwa. Karen Büscher na Koen Vlassenroot waliandika mwaka 2010 juu ya jinsi kuwepo kwa mashirika ya misaada kulivyobadilisha sura ya Goma na kukuza tofauti kati ya kartie na kartie. Mtu yeyote aliyetembea kutoka Birere paka Himbi kwa miguu anaelewa utafiti huo bila kuusoma.

Hapa nataka tukae kidogo, maana njo penye siri.

Mchukue mfanyakazi wa shirika la kigeni. Mara nyingi loye yake hailipwi na mshahara wake. Inalipwa na ofisi yake, iliyopanga bajeti huko Geneva ao New York. Mtu anayelipiwa na ofisi habishani bei kama anayelipa mwenyewe. Pili, walinzi wa shirika wanamkataza kukaa popote: wana orodha ya kartie wanazokubali, na ile orodha ni fupi. Kwa hiyo wageni wenye pesa nyingi wanasukumwa wote ndani ya sehemu ndogo ya mji. Tatu, shirika linahitaji pia ofisi, depo na nyumba ya wageni wanaopita, na hayo yote yanachukua nyumba iliyojengwa kwa ajili ya jamaa. Baba mwenye nyumba nzuri Katindo anaona kwamba akihamia nyumba ndogo kartie ya chini na kuipangisha ile kubwa, atalipa masomo ya watoto wote kwa loye ya miezi miwili. Simulaumu, ningefanya vilevile. Lakini angalia kinachofuata: huyo baba sasa yuko Ndosho, anatafuta nyumba kwa dola za shirika, na anamuzidi mwalimu aliyekuwa anaitaka nyumba ileile. Mwalimu anashuka ngazi moja, anamuzidi mama wa soko. Mama wa soko anashuka naye.

Hiyo njo ninaiita ngazi. Mgeni mwenye pesa anakanyaga kipandio cha juu, na uzito unashuka paka chini kabisa, kwa mtu ambaye hajawahi kumuona mgeni yule. Mama wa soko akiuliza kwa nini chumba chake cha mbao kimepanda, hakuna anayemwonyesha villa ya Himbi. Anaonyeshwa jirani aliyekuja kutoka Masisi.

Jirani wa kutoka Masisi naye ana uzito wake, tusifiche. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya wadeplase wa Kivu ilikaa kwa jamaa zilizowapokea kuliko makambini. Nyumba ya watu sita inalala watu kumi na wane. Kwa takwimu za soko hakuna mpangaji mpya, lakini mwenye nyumba anaona choo kinajaa, na kule Goma choo si jambo ndogo: chini ni jiwe la volkano, kuchimba shimo ya mita mbili ni kazi ya nyundo na siku nyingi. Njo maana swali la kwanza la wenye nyumba wengi ni: "Muko batu bangapi?" Ukisema kumi, bei inabadilika ao chumba "kimekwisha chukuliwa". Wadeplase wenye kuwa na akiba kidogo, walioweza kuuza ng'ombe kabla ya kukimbia, wanatafuta chumba na salo katika kartie zilezile za watu wadogo: Ndosho, Mugunga, Katoyi, Majengo. Hapo wanagombania na wenyeji. Kama kule Miami, kama kule Kolombia: uzito wao unagusa sehemu ya chini ya ngazi, si ya juu.

Kwa hiyo mpangaji mdogo wa Goma anabanwa pande mbili. Juu yake wanashuka wenye kusukumwa na dola, chini yake wanapanda wenye kusukumwa na vita.

Lakini hata hivyo, kama mji ungeweza kujenga, bei ingepoa. Miji mingi ya ulimwengu imekua kwa wageni. Shida ya Goma ni kwamba kila upande iko na ukuta. Kusini ni ziwa Kivu. Mashariki ni mpaka wa Rwanda, na Gisenyi inaanza pale Goma inapoisha, nyumba kwa nyumba. Kaskazini ni Nyiragongo. Kaskazini-magharibi ni Parke ya Virunga. Inabaki njia ya Sake, na njo maana mji umejivuta upande ule kama nyoka. Na hata huko hakuna usalama wote: ndani ya mashimo ya upande wa Lac Vert na Mugunga mnatoka mazuku, ile gesi nzito isiyo na rangi inayolala chini na kuua mbuzi, na mara nyingine mtoto. Neno hilo letu, mazuku, limeingia paka katika vitabu vya wataalamu wa volkano. Parseli yenye mazuku ni ya bei nafuu, na anayeinunua mara nyingi ni mtu aliyetoka mbali asiyejua kwa nini ni nafuu.

Volkano yenyewe ni adui wa nyumba kwa njia nyingine. Tarehe 17 Januari 2002 moto ulipita katikati ya mji paka ziwani, ukala karibu sehemu moja juu ya saba ya Goma na kuacha watu karibu 120,000 bila nyumba. Hawa hawakuwa wageni hata kidogo. Lakini asubuhi yake walikuwa wapangaji wapya wote kwa pamoja, na nyumba zilizobaki zilikuwa chache kuliko jana. Kwa soko, hakuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyekimbia vita na mtu aliyekimbia lava. Ndiyo sababu naona si haki kuongea juu ya "wakuja" kana kwamba wao peke yao njo wameleta upungufu. Mwaka 2021 pia, tarehe 22 mwezi wa tano, mlima ulifunguka tena, nyumba zikateketea upande wa Buhene, na siku tano baadaye serikali ikaamuru kartie kumi zihamishwe. Watu wakavuka Gisenyi, wengine Sake, Minova, paka Bukavu. Kwa majuma machache wenyeji wa Goma njo walikuwa wakuja kwa wengine.

Na kuna jambo sijasikia likisemwa sana. Sehemu kubwa ya nyumba za Goma ni za mbao. Mbao zinatoka upande wa Masisi na Walikale, kwa njia ya Sake. Sasa vita ikifika Masisi, inafanya mambo mawili siku ileile: inaleta watu mjini, na inafunga njia ya mbao. Yaani vita inayoleta wapangaji njo inazuia nyumba zao. Simenti nayo nyingi inatoka ngambo, Uganda na Rwanda, na inalipwa kwa dola. Hivyo hata yule mwenye parseli anayetaka kuongeza vyumba viwili nyuma ya uwanja anakuta kwamba ujenzi umepanda wakati uleule loye imepanda, na anangoja.

Halafu jiulizeni nani anajenga, na kwa pesa gani. Kwetu mtu haendi benki kupewa mkopo wa miaka ishirini. Anajenga kwa pesa ya mkononi, matofali kwa matofali. Anayeweza kumaliza nyumba haraka ni mfanyabiashara, mtu wa madini, mkubwa wa serikali, ao ndugu aliye ngambo. Huyo anataka pesa yake irudi mbio, kwa hiyo anajenga villa ya kupangisha shirika, si vyumba vya kupangisha mwalimu. Na kwa kuwa sheria ya 1973 inasema udongo wote ni mali ya serikali, huku chifu naye anauza, na karatasi mbili zinaweza kutoka kwa parseli moja, mtu mdogo anaogopa kuweka akiba yake yote mahali ambapo kesho atakuta ukuta wa mwingine. Matokeo tunayaona kwa macho: mji unaojenga sana na bado hauna nyumba. Maghorofa yako, vyumba havitoshi.

Mpaka nao una kazi yake. Soko la nyumba la Goma haliishi Goma. Watu wengi wanafanya kazi upande mmoja na kulala upande mwingine. Mtu akiona maji na umeme ni afadhali Gisenyi, anapanga kule na kuvuka asubuhi kwa Petite Barrière. Wakati mpaka uko wazi paka usiku, ni kama mji umepata kartie moja zaidi. Mpaka ukifungwa mapema, ao uhusiano wa nchi mbili ukiharibika, ile kartie inapotea, na walioipanga wanarudi kutafuta chumba upande huu. Hakuna aliyejenga wala kubomoa kitu, na bei imebadilika.

Miaka ya 2022 paka 2024 ilituonyesha hayo yote kwa pamoja. Vita ilileta watu zaidi ya nusu milioni pembeni ya mji, Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo. Mashirika yakaongeza wafanyakazi. Njia zikakatwa. Halafu Januari 2025 mji ukabadilisha mikono. Kiwanja cha ndege kikafungwa, benki zikafungwa, makambi yakavunjwa ndani ya majuma machache, na wageni wengi wenye mishahara ya dola wakaondoka. Kipandio cha juu cha ngazi kikalegea. Ungefikiri basi uzito ungetoka juu ya kila mtu. Lakini villa ya vyumba sita yenye lango ya chuma haigeuki kuwa vyumba sita vya jamaa sita kwa siku moja: mwenye nayo anaogopa kuiharibu, anangoja mashirika yarudi, anaiacha na mlinzi mmoja. Na upande wa chini, mpangaji hana shida ya nyumba peke yake tena, ana shida ya kupata ile pesa yenyewe, maana bila benki hata noti iliyochakaa inabishaniwa. Mimi njo naona hapa kosa la kusema "watu wakipungua loye itashuka". Nyumba za juu na nyumba za chini ni masoko mawili yanayounganishwa na ngazi, na ngazi ile uzito unashuka mbio na kupanda polepole.

Nani anafaidika? Tuseme ukweli wote. Si wakubwa peke yao. Mjane mwenye parseli Mabanga aliyejenga vyumba vitatu vya mbao anakula kwa ile loye. Vijana wanaopasua mawe ya volkano kwa nyundo wanapata kazi kila mji unapojaa. Fundi mbao, msukuma chukudu, mchuuzi wa mabati, wote hao wanamuishi mgeni. Nimesikia watu wakitaka wageni waondoke wote, na walewale ni walinzi, madereva na wapishi wa wageni. Bei ya nyumba inaumiza anayepanga na kulisha anayepangisha, na Goma jamaa moja inaweza kuwa na wote wawili: kaka anapangisha Kasika, dada anapanga Bujovu.

Njo maana siamini dawa ya kufukuza mtu. Kama bei inabanwa na upungufu wa vyumba vya watu wadogo, dawa iko pale. Karatasi ya parseli isiyo na pacha, njia na maji upande wa magharibi kabla watu hawajajenga na si baada, alama wazi mahali penye mazuku, na kodi ya serikali isiyomtendea mjane wa vyumba vitatu sawa na mwenye villa tano. Mashirika nayo yangeweza kujenga nyumba zao badala ya kuchukua za jamaa kwa miaka ishirini. Pesa waliyolipa kwa loye ingetosha.

Na kuna jambo moja ambalo sheria imekwisha kulisema na hatulitumii: garantii. Mtu maskini Goma haumizwi na loye ya mwezi tu, anaumizwa na ile fungu ya kwanza. Tuseme chumba ni dola 50 kwa mwezi. Mwenye nyumba anaomba garantii ya miezi sita, dola 300, na juu yake komisionere anataka sehemu yake kabla ya kuonyesha mlango. Mdeplase hana 300. Mwalimu hana pia. Kwa hiyo wote wawili wanabaki pale walipo, hata paa ikivuja, hata mwenye nyumba akiongeza bei, kwa kuwa kuhama kunaomba fungu ingine kama ile. Mwenye nyumba anajua kwamba huwezi kuhama, na anaongeza tena. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu kupanga nyumba zisizo za biashara, inasema garantii ya nyumba ya kukaa isizidi loye ya miezi tatu. Kwa mfano wetu ni dola 150. Inapaswa kurudishwa mpangaji akitoka. Kwetu hairudishwi, mwenye nyumba amekwisha kuitumia kununua mabati ya chumba kingine, na mpangaji anabaki miezi ya mwisho bila kulipa ili "akule garantii yake". Wote wawili wanaona ni kawaida, na siku wakigombana hakuna mwenye karatasi.

Basi ukienda kupanga, hata kwa mtu mnayesali pamoja, omba karatasi yenye sahihi mbili inayoandika garantii ni ngapi na ni ya miezi mingapi. Na wewe mwenye kupangisha, miezi tatu inatosha.